Uliza Fundi wa Giaboksi: Silverado Isiyorudi Nyuma

Barua za mwezi huu zinajibiwa kutoka garaji letu la Bel-Air, Kampemba, Lubumbashi.

SWALI. Papa Fundi, jambo. Nina Chevrolet Silverado SS ya 2004, moteri ya lita 6.0, iliyofika kwa kontena kupitia Dar es Salaam. Baadaye niliwekewa supachaja, pampu ya kusukumia hewa ndani ya moteri, na gari likawa na hasira kweli. Juzi nilikuwa natoka Likasi, nikakanyaga kulipita lori la shaba, moteri ikapiga kelele na gari halikwenda. Tangu hapo gia ya kwanza inavuta mpaka moteri inalia, kisha inaruka moja kwa moja hadi ya tatu, na hiyo ya tatu inashika kwa kusitasita. Ya nne hakuna. Nyuma ndiyo haiendi kabisa, vijana wa nyumbani wanalisukuma kutoka uani. Nataka kutengeneza kitu kitakachobeba nguvu hii. Rafiki mmoja ananiambia niagize seti ya diski za mashindano kutoka Marekani, mwingine anasema nitupe buati hii (giaboksi) niweke ile kubwa ya 4L80E. Nianzie wapi?
*Mwenye Silverado, mtaa wa Golf*

JIBU. Papa, jambo sana. Umeniandikia gia zipi zipo na zipi hazipo, na hiyo ni nusu ya kazi. Wengi huandika tu kwamba buati imekufa, kisha wanauliza bei.

Gari lako lina giaboksi ya 4L65E. Ni ndugu wa 4L60E, ambayo nayo imetokana na 700R4 ya 1982: mwaka 1993 General Motors ilianza kuiondoa kwenye waya wa kanyagio na kuiweka chini ya kompyuta. Wewe umepata iliyoimarishwa kidogo, yenye pinioni (gia ndogo) tano badala ya nne kwenye sayari, yaani gia zinazoizunguka gia ya katikati, ile ya jua. Sasa sikiliza. Ndani yake gia ya pili, ya nne na ya nyuma zote zinategemea kipande kimoja, sanisheli, kikombe cha chuma kilichounganishwa na gia ya jua ya sayari za nyuma. Kwenye ya pili na ya nne, bendi, ukanda unaobana kwa nje, inakizuia kikombe kisizunguke. Kwenye gia ya nyuma, klachi inakizungusha. Kikikatika shingoni, gia hizo tatu zinaondoka pamoja kwa wakati mmoja, na ya kwanza na ya tatu zinabaki. Barua yako inasema hivyo hivyo. Sijaligusa gari lako, lakini sitabishana na mtu: ni sanisheli.

Ila una ugonjwa wa pili. Ya tatu inayoshika kwa kusitasita haitokani na sanisheli. Hizo ni diski za klachi ya tatu-nne, inayoshika gia ya tatu na ya nne, na kwa giaboksi hii ndizo mahali pa kwanza pa kuungua. Hazikuungua siku ile ya lori. Zilikuwa zinateleza muda mrefu, kidogo kidogo, na wewe ulifikiri ni moteri iliyochangamka.

Sasa tuzungumze hesabu ambayo aliyekuwekea supachaja alipaswa kukuonyesha. Kiwanda kiliipa 4L65E uwezo wa kubeba nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm (nyutoni-mita) 515 kutoka kwenye moteri. Moteri yako, inayoitwa LQ9, ya nguvu za farasi 345, bila supachaja inatoa hizo hizo Nm 515. Maana yake gari lilitoka kiwandani likiwa tayari limegusa dari. Kweli, Lubumbashi tuko mita 1,200 na zaidi juu ya bahari na moteri inayovuta hewa yenyewe hupoteza sehemu ya nguvu yake hapa. Supachaja imekurudishia sehemu hiyo na kuongeza nyingine juu yake. Kuanzia hapo ilikuwa ni kungoja tu kipande gani kitangulie.

Kuhusu diski za mashindano: agiza, si vibaya, lakini siyo hapo pa kuanzia. Diski haziungui kwa sababu ni za bei rahisi. Zinaungua kwa sababu mafuta yanayozibana hayana presha ya kutosha, au yamechelewa kufika, au yamechemka. Ukiweka diski ghali kwenye presha ile ile dhaifu, utakuwa umenunua mkaa wa bei ghali. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, fundi wako afunge manometri, saa ya kupimia presha, kwenye tundu la upande wa kushoto wa giaboksi, juu kidogo ya mkono wa kubadilishia gia. Moteri ikinguruma polepole, isome karibu bari 4. Akiamuru presha ya juu kabisa kwa skana, ipande kupita bari 13. Isipopanda, tatizo liko kwenye pampu, kwenye valvu ya kuongeza presha, au kwenye soleneidi, valvu ya umeme inayoipima. Fundi anayekuambia manometri haina haja kwa sababu buati inafunguliwa hata hivyo, mshukuru na uondoke. Ikishafunguliwa hutajua tena ilikuwa inafanya nini.

Giaboksi ikiwa mezani, haya ndiyo ningeyafanya kwa pesa yako.

Sanisheli ya kiwanda naitupa, hata kama kuna mtu sokoni anauza nyingine kama hiyo. Zipo za chuma kinene kilichopikwa, zilizotengenezwa kwa sababu ya udhaifu huu huu, na tofauti ya bei haifiki hata gharama ya kushusha buati mara ya pili. Pampu inapata rota yenye mapezi 13 badala ya 10 na pete ngumu, kwa sababu pete za kawaida zikivunjika kwa mizunguko mikubwa, vipande vyake husafiri kila mahali. Kabla ya kukaza boliti za pampu, nusu zake mbili zinalinganishwa kwa mkanda wa chuma. Ukikaza kwa macho tu, pampu haitaingia sawa kwenye nyumba yake, na kijana atachukua nyundo. Hapo umekwisha. Halafu sevo ya bendi, piston inayoibana: ile kubwa iliyotumika kwenye Corvette inabana bendi kwa eneo pana zaidi, ni kipande kidogo na cha bei ndogo, na gia ya pili inakuja kama mtu anayejua anakwenda wapi.

Sasa hizo diski za tatu-nne. Kuna seti zinazoongeza idadi ya diski kwa kupunguza unene wa sahani za chuma zilizo katikati. Kwa karatasi inapendeza, diski nyingi ni mshiko mwingi. Lakini sahani ya chuma ndiyo inayomeza joto wakati wa kubadili gia, na nyembamba humeza kidogo. Kwa gari linalokimbia sekunde chache kisha linapoa, sawa. Kwa gari la tani mbili na zaidi linalopanda barabara ya Kolwezi mwezi wa kumi, mimi napendelea idadi ya kawaida, diski nzuri, sahani nene. Najua wenzangu watanicheka. Wanicheke, magari yao nayaona.

Na mwanya upimwe. Kwenye pakiti ya tatu-nne ninataka takriban milimita 0.8 hadi 1.1. Ukibana zaidi ya hapo diski zinasuguana hata zikiwa zimeachiwa, ukilegeza piston inasafiri mbali na gia inachelewa. Mchezo wa shafti ya kuingilia nao kiwanda kinaruhusu kutoka milimita 0.13 hadi 0.92, nafasi pana ajabu. Mimi sifungi ikiwa imezidi nusu milimita. Kuna washa za unene mbalimbali kwa kazi hiyo, zitumike. Pia kwenye nyumba ya klachi za kuingilia kuna kidonge chenye kigololi cha kuachia mafuta. Kikilegea, kinavujisha presha ya tatu-nne kimya kimya, na hutakiona kwa kuangalia. Mimina mafuta mepesi, ungoje uone kama yanapita. Nimeshaona giaboksi zilizotengenezwa upya kwa kila kitu isipokuwa kidonge hicho, zikarudi zimeungua mahali pale pale.

Kombati, ile ngoma ya mafuta kati ya moteri na giaboksi, usiirudishe. Vumbi la chuma limeshaingia ndani yake na hakuna kuosha kutakakolitoa lote. Najua wako watu hapa mjini wanaoikata kwa mashine ya kuchongea, wanaisafisha na kuichomelea tena. Bila mashine ya kuisawazisha siikubali, itatikisa pampu mpaka mpira wake wa kuzuia mafuta uvuje. Nunua mpya yenye klachi ya kufunga iliyoimarishwa, na usishawishike na zile zinazoachia mizunguko mikubwa sana kabla ya kuvuta. Gari lako linavuta magurudumu yote manne na ni zito, kombati inayoteleza sana itageuza esanse (petroli) yako kuwa moto. Wakati wa kuifunga, izungushwe na kusukumwa mpaka imeingia yote kwenye pampu. Buati ikiwa imeshakaa kwenye moteri kabla ya boliti za kombati, paachwe nafasi ya milimita 3 hadi 5. Kama hakuna nafasi, haijaingia. Usiivute kwa boliti.

Nimekuja kwenye joto, na hapa ndipo nisipoelewana na wateja wengi. Wanalipia diski, wanalipia kombati, halafu kwenye kipozeo cha mafuta wanaanza kupatana bei. Mafuta ya giaboksi yafanye kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Kwenye 116 hivi yanaanza kuacha utando kama vanishi juu ya valvu. Kwenye 127 mipira inaanza kuwa migumu. Karibu na 146 diski zinateleza, na baada ya hapo huna la kupima. Weka kipozeo kikubwa cha sahani mbele ya radiateri, pamoja na saa ya joto ndani ya gari unayoiona bila kuinamisha kichwa. Kipozeo cha zamani na mabomba yake usiyapulize tu kwa hewa: kama vipande vya sanisheli vimekwama ndani, vitarudi kwenye pampu mpya siku ya kwanza. Mimi navibadilisha. Na kwa kuwa barabara zetu wakati wa kiangazi zinavaa vumbi jekundu, kipozeo kioshwe kwa maji kutoka nyuma kwenda mbele, siyo kupigwa presha usoni mpaka mapezi yalale.

Kompyuta nayo. Moteri hii imepangwa kupunguza nguvu kwa muda mfupi sana wakati gia inabadilika, ili diski zisiungue. Wanaopanga moteri kwa laptopu wanapenda kufuta kitu hicho ili gari lipige teke. Mwambie wako apunguze kidogo ikiwa lazima, asifute. Tena aongeze presha ya mafuta kwenye jedwali la giaboksi lililo ndani ya kompyuta, kulingana na supachaja, maana kompyuta ya kiwanda haijui kwamba ipo.

Na 4L80E? Ni mashine ya watu wazima. Ilitoka 1991 na ukoo wake ni Turbo-Hydramatic 400 ya 1964. Inabeba kuliko yako na haina ugonjwa huu wa sanisheli. Lakini ni nzito zaidi, ndefu zaidi, plagi yake ya umeme ni nyingine, boriti ya kuishikilia inahamishwa, shafti zinakatwa, na kwa gari lako la magurudumu manne itabidi utafute na namna ya kuiunganisha na boksi ya kugawa nguvu mbele na nyuma. Tena gia yake ya kwanza ni 2.48, yako ni 3.06, kwa hiyo kutoka kwenye taa utaliona gari limekuwa zito kidogo. Kama unapanga kuongeza nguvu nyingine juu ya hii, fanya sasa, usilipe mara mbili. Kama supachaja hii ndiyo mwisho wa tamaa yako, 4L65E iliyojengwa kama nilivyoeleza itakutosha. Ila unieleze ukweli kuhusu hiyo tamaa. Wateja wengi wa Golf huniambia ndiyo mwisho.

SWALI. Yaya Fundi, mimi ni mwanafunzi wa garaji hapa komuni ya Kenya, Lubumbashi. Patro (bosi) wangu anafungua buati otomatiki chini ya mwembe, na anasema usafi ni kwa ajili ya hospitali. Ninunue vifaa gani kwanza kwa pesa kidogo?
*Kijana wa komuni ya Kenya*

JIBU. Mdogo wangu, umeniita yaya, yaani kaka mkubwa, nimefurahi, hapa wananiita papa.

Mwembe una kivuli kizuri, na pia una majani, ndege na vumbi. Tundu jembamba kwenye sahani ya valvu ni dogo kuliko kichwa cha kiberiti, na unyuzi mmoja wa kitambaa unatosha kulibadilisha. Huwezi kumfundisha patro wako, kwa hiyo anza na sehemu yako: meza moja iliyofunikwa kwa bati, beseni mbili za mafuta ya taa, hewa ya kompresa iliyopita kwenye chujio la maji. Vitambaa vya pamba viweke mbali, vipande vikaushwe kwa hewa tu. Kukiwa na upepo, funga kazi.

Vifaa: komparateri (saa ya kupimia mchezo mdogo) yenye kishikio cha sumaku, visu vya kupimia mwanya, manometri inayofika bari 20, na bastola ya hewa yenye ncha ya mpira kwa kujaribu piston kabla ya kufunga. Ukipuliza kama bari 3 kwenye tundu sahihi unasikia klachi inagonga, tap, na hewa haivuji. Kibana-springi unaweza kukichomelea mwenyewe kwa chuma cha pembe na boliti ndefu, changu ni hivyo na bado kinafanya kazi. Ufunguo wa kupima nguvu ya kukaza, tafuta unaosoma namba ndogo: boliti za sahani ya chini ya 4L60E zinakazwa Nm 11 tu, na ule mkubwa wa kukazia magurudumu hautaisikia hiyo namba.

Diski mpya ziloweke kwenye mafuta safi ya giaboksi walau nusu saa kabla ya kuzifunga, zikiingia kavu zinaungua kwa mara ya kwanza tu gari linapoondoka. Washa na pete zishikilie kwa mafuta ya mgando ya kujipaka, ya dukani, yanayeyuka na kuondoka. Usitumie girisi ya beringi. Haiyeyuki, inaziba.

SWALI. Papa Fundi, mume wangu aliniachia Toyota Prado, ninaitumia kwenda Kasumbalesa kuchukua mali. Muuzaji alituambia mafuta ya buati ni ya maisha, hayabadilishwi, ndiyo maana haina hata kijiti cha kupimia. Sasa inatetemeka ikibadili gia. Ni kweli hayabadilishwi?
*Mama wa duka, Ruashi*

JIBU. Mama, pole kwa kazi ya barabara ile. Maisha ya nani? Maisha ya mafuta hayo siyo maisha yako wala ya gari. Kwa gari linalobeba mzigo kwenye joto na foleni ya mpakani, mafuta yabadilishwe, na mimi kwa kazi kama yako nisingevuka kilomita 60,000.

Nyingi za Prado zisizo na kijiti zinatumia mafuta yanayoandikwa WS. Ni mepesi kuliko Dexron ya zamani, mafuta ya General Motors, wala usikubali kuchanganyiwa kwa sababu rangi zinafanana. Yote ni mekundu. Ushushaji mmoja hautoi yote, sehemu kubwa inabaki kwenye kombati, kwa hiyo mara nyingi tunabadili mara mbili au tatu kwa kupishanisha na safari fupi. Kiwango kinapimwa moteri ikiwaka, gari likiwa sawa, kwa kizibo cha pembeni, mafuta yakiwa kwenye joto lililoandikwa kwa modeli hiyo. Fundi akijaza gari likiwa baridi na moteri imezimwa, amekisia.

Kutetemeka kunaweza kuisha kwa mafuta mapya. Lakini ukiyashusha na ukakuta unga mweusi mzito na vipande vinavyong'aa kwenye sumaku, usitegemee mafuta. Mwambie fundi akuite uone sahani ya chini kabla hajaifuta. Nenda mwenyewe, usimtume dereva.

SWALI. Fundi, nikishika breki na kukanyaga esanse pamoja ili gari liruke vizuri, naharibu? Wote wanafanya hivyo usiku.
*Jina nimehifadhi*

JIBU. Unaharibu. Breki ikishika na moteri ikivuta, nguvu yote inabaki ndani ya kombati na kugeuka joto, na joto la mafuta ya pale linapanda kwa sekunde chache zaidi ya ukipanda mlima wowote. Sekunde mbili kwenye gari lenye kipozeo na saa ya joto, sawa. Zaidi ya hapo njoo na bei ya kombati mfukoni. Na mfanyie uwanjani, siyo barabarani usiku mbele ya wauza karanga.

SWALI. Giaboksi yangu ya 4L60E imetengenezwa upya na kuwekwa Dexron III niliyoipata kwenye duka la Kamalondo. Mwingine ananiambia ni ya zamani. Niiondoe?
*Msomaji, Kamalondo*

JIBU. General Motors ilileta Dexron VI mwaka 2005 na ikaacha kuidhinisha III mwishoni mwa 2006. Kwa hiyo chochote kinachouzwa leo kwa jina la III hakina mtu anayekihakikisha, kinaweza kuwa kizuri au kisiwe. VI inafaa pia kwenye giaboksi za zamani kama yako. Kushusha sahani ya chini kutakutolea karibu lita 4.7, kati ya lita 10 na nusu hivi zilizomo zote. Endesha wiki mbili, shusha tena, weka na chujio jipya. Makopo ya kwanza nunua mahali wanapokuandikia risiti yenye jina la duka, na kopo ulifungue mwenyewe.